Raga ya Wanawake Inatuhusu Hata Sisi wa Kabungu

Hapa Kabungu ukitaja neno raga, kuna atakayekuuliza kama ni ugonjwa au ni dawa ya kunyunyizia pamba. Hatumlaumu. Mpira tunaoujua ni wa miguu, na kwa wasichana ni netiboli, basi. Hata hivyo tumeamua kuandika kuhusu raga, tena ya wanawake, kwa sababu ndiyo inayoweka wazi kuliko michezo mingine swali ambalo vijijini kwetu hujibiwa kabla halijaulizwa: mwili wa msichana umeumbwa kwa ajili ya nini, na nani mwenye kauli juu yake?

Kwa asiyeijua, raga huchezwa kwa mpira wenye umbo la yai. Unaushika na kukimbia nao, lakini pasi ya mkono ni lazima iende nyuma. Mbele unasonga kwa miguu yako. Anayekuzuia hukukamata na kukuangusha chini. Ile ya wachezaji saba kila upande ina vipindi viwili vya dakika saba, na anayedhani dakika 14 ni chache ajaribu kuzikimbia.

Majirani zetu Wakenya wana timu ya wanawake iitwayo Lionesses. Raga ya wachezaji saba ilipoingia katika Michezo ya Olimpiki mjini Rio de Janeiro mwaka 2016, dada hao walikuwepo. Walishika nafasi ya 11 kati ya timu 12, baada ya kuifunga Kolombia 22-10. Matokeo hayo hayatikisi dunia, lakini njia waliyopita kufika huko ina somo. Mshindi wa mchujo wa Afrika mwaka 2015 alikuwa Afrika Kusini, si Kenya. Kamati ya Olimpiki ya Afrika Kusini ikakataa kuwapeleka dada zake, kwa hoja kwamba kushinda Afrika peke yake si kipimo cha kutosha. Nafasi ikawaangukia Wakenya. Kuelekea Tokyo jambo likajirudia: Afrika Kusini wakashinda mchujo wa mwaka 2019 kule Tunisia, na Kenya ndiyo ikasafiri.

Tuwe wa haki. Kanuni ile haikutungwa kuwaonea wanawake. Hata timu ya wanaume ya mpira wa magongo ya nchi hiyo iliikosa Rio kwa sababu yake. Lakini wanaume wa raga walikuwa na mlango mwingine, yaani mashindano ya dunia ya kila msimu ambayo walikuwa wamewekezewa kwa miaka, wakapita humo bila shida. Dada zao walitegemea mlango wa Afrika, na huo ndio uliofungwa. Kanuni inaweza kuwa sawa kwenye karatasi na bado ikamwumiza yule yule siku zote. Ilipofika Paris 2024 wanawake wa Afrika Kusini walikwenda wenyewe, na katika Kombe la Dunia la mwaka 2025 huko Uingereza wakaingia robo fainali, timu pekee kutoka bara letu. Fainali ya kombe hilo, England dhidi ya Kanada, ilitazamwa na watu 81,885 uwanjani Twickenham.

Lakini Kombe la kwanza, mwaka 1991 huko Wales, liliandaliwa na wanawake wenyewe bila kutambuliwa na chombo kilichosimamia raga duniani. Timu ya Urusi ya Kisovyeti ilikuja bila fedha za kigeni, ikabeba vodka na mayai ya samaki ili iviuze na kujikimu. Mama wa Karema anayepeleka migebuka Mpanda mjini ili apate ada ya mtoto hahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa twende kwenye pingamizi, maana tunalisikia hata mezani kwetu seminarini: mwili wa mwanamke ni wa uzazi, haufai kwa mchezo wa kuangushana. Sisi tunaosoma falsafa hatuna ruhusa ya kushangaa, kwani Plato alilijibu pingamizi hilo katika kitabu cha tano cha Jamhuri. Sokrate anauliza juu ya mbwa walinzi: je, jike hubaki nyumbani kwa sababu ana watoto, au hulinda na kuwinda pamoja na dume? Kisha anageukia wale wanaosema tofauti ya maumbile huleta tofauti ya kazi. Wenye vipara na wenye nywele nao ni tofauti; basi kama wenye vipara ni mafundi viatu, wenye nywele wakatazwe ufundi huo? Hoja yake ni kwamba haitoshi kutaja tofauti. Ni lazima uoneshe kwamba inahusu jambo lenyewe. Naye anakiri kwamba watu watawacheka wanawake wanaofanya mazoezi, akikumbusha kwamba kuna wakati Wagiriki waliwacheka hata wanaume. Plato anaona pia kwamba kwa jumla wanawake wana nguvu pungufu. Sawa. Ndiyo maana katika raga wanawake hucheza na wanawake, na hakuna anayedai vinginevyo.

Zaidi ya hapo, udhaifu huo tunaukumbuka saa ngapi? Msichana wa miaka 13 anapojitwisha ndoo ya lita 20 kutoka kisimani, wala hatujaona mzee akisimama kuutetea uti wake wa mgongo. Udhaifu wake hugunduliwa anapoomba mpira. Ni kweli raga ina majeraha, na la kichwa si la kuchezewa. Lakini jeraha hilo halichagui jinsia, na dawa yake ni mwalimu aliyefundishwa.

Kanisa nalo limesema. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et spes namba 29, unafundisha kwamba ubaguzi katika haki za msingi, ukiwemo ule wa jinsia, uondolewe kwa sababu unapingana na mpango wa Mungu. Mwaka 2018 Baraza la Kipapa la Walei, Familia na Maisha lilitoa hati nzima juu ya michezo na mwanadamu. Na kabla ya hati hizo, huku huku kwetu, Askofu Adolphe Lechaptois alianzisha pale Karema shirika la Masista wa Bikira Maria Malkia wa Afrika. Hebu fikirini wazazi wa wakati ule: binti asiolewe, mahari isije, aende kuishi na wenzake, asome na kufundisha! Lilikuwa jambo geni kuliko raga. Leo tunawaita masista hao mama zetu, wala hatuoni ajabu yoyote.

Mkoa wetu una sababu ya ziada ya kulichukua jambo hili kwa uzito. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 ulionesha kwamba Katavi asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba, huku wastani wa taifa ukiwa 27. Hatusemi mpira unazuia mimba; anayesema hivyo anauza dawa ya kienyeji. Tunasema binti aliye katika timu ana mtu wa kumwulizia asipoonekana Jumamosi. Ana wenzake kumi na zaidi wanaojua jina lake. Na ana jambo la mwezi ujao la kulitazamia, lisilo mwanamume. Tuliwaona Serengeti Girls kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India mwaka 2022, wakiifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali. Nao ni mabinti wa nchi hii hii.

Tuna viwanja, na hilo ni deni letu. Uwanja wa seminari, wa parokia, wa kigango, vyote hukaliwa na wavulana, na kwenye bonanza la vijana mchezo wa wasichana huwekwa saa saba, jua la utosi, ili fainali ya wavulana ipate jioni. Kuanza raga hakuhitaji fedha nyingi. Ipo aina ya kujifunzia isiyo na kuangushana: kila mchezaji huning'iniza vitambaa viwili kiunoni, na anayekuzuia huchomoa kimoja. Vipande vya kitenge vinatosha, na mistari ichorwe kwa majivu.

Likizo ya Juni tutakuwa nyumbani. Tunaziomba kamati za vigango zitupe Jumamosi nne: kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni uwanja uwe wa wasichana, na siku hizo zamu ya maji katika kila nyumba iwe ya wavulana, sisi waseminari tukiwa wa kwanza kisimani na ndoo zetu.