Kubadilisha neno la siri si mwisho wa habari

Najua nimewatupa kidogo, si mnajua tena mambo ya mazoezi ya kufundisha... usiku maandalio ya somo, mchana chaki na kelele za Kidato cha Pili. Sasa nimerudi kampasi, na nimekuta stori inayozunguka kwenye vimbweta ni moja: watu kudukuliwa barua pepe. Kila anayesimulia anamalizia kwa maneno yale yale: "Nimeshabadilisha neno la siri, yameisha."

Hapo ndipo ninapopingana na wenzangu. Hayajaisha! Hebu fikiria mwizi kaingia chumbani kwako hosteli, kakaa siku mbili. Wewe ukirudi unanunua kufuli jipya, unafunga, unalala usingizi. Je, umeangalia madirisha? Umehesabu funguo alizochonga? Barua pepe ni hivyo hivyo. Neno la siri ni kufuli la mlango wa mbele tu.

Mshkaji mmoja wa mwaka wa tatu (ameniruhusu nisimulie, jina nalihifadhi) aligundua Jumatatu kwamba kuna mtu ameingia kwenye barua pepe yake. Akabadilisha neno la siri siku hiyo hiyo, akatulia. Kumbe jamaa alikuwa ameshamwandikia baba yake mdogo anayeishi nje ya nchi: simu imeharibika, ada inadaiwa, tuma kwenye namba hii. Kisha akaweka vitu viwili kwenye mipangilio. Cha kwanza, nakala ya kila barua inayoingia iende kwenye anwani yake yeye mwizi. Cha pili, kichujio: barua yoyote kutoka kwa baba mdogo iende moja kwa moja kwenye takataka. Baba mdogo akajibu, mshkaji hakuona kitu, mwizi akasoma kila neno. Akawa anajibu kutoka anwani inayofanana na ya mshkaji, tofauti ni herufi moja. Hela ilitumwa Alhamisi, siku tatu BAADA ya kufuli jipya. Mpaka leo mzee anaamini nusunusu kwamba mtoto wa kaka yake si tapeli. Hela itapatikana, lakini ile imani je?

Na sisi wanafunzi tuna shida ya ziada: wengi tunasoma barua pepe kwenye simu tu. Kwenye programu ya Gmail ya simu huvioni hivyo vichujio wala hiyo sehemu ya kusambaza barua. Ni lazima ufungue kwa kompyuta, uingie kwenye mipangilio. Ndiyo maana mtu anakaa mwezi mzima na mgeni ndani bila kujua.

Dirisha lingine ni njia za kurudisha akaunti. Mnakumbuka Sarah Palin, aliyegombea umakamu wa rais Marekani mwaka 2008? Septemba ya mwaka ule barua pepe yake ya Yahoo iliingiliwa na mwanafunzi wa chuo wa miaka 20. Kijana hakuhitaji kujua neno la siri. Alibonyeza "nimesahau", akaulizwa tarehe ya kuzaliwa, namba ya posta na mahali alipokutana na mumewe. Majibu yalikuwa wazi mtandaoni, la mwisho lilikuwa shule yake ya sekondari. Novemba 2010 kijana akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na siku moja. Sasa jiulize: tarehe yako ya kuzaliwa nani haijui? Si tunakuimbia na kukumwagia maji kila mwaka? Na ile laini yako ya zamani uliyoitupa bado ndiyo namba ya kurudishia akaunti? Laini isipotumika muda mrefu hufungwa, na namba inaweza kupewa mtu mwingine. Umemkabidhi ufunguo mtu usiyemjua.

Kwa hiyo ukidudukuliwa, usiishie kwenye kufuli. Fanya hivi.

Kwanza, tumia simu au kompyuta unayoiamini, ile uliyozoea kuingilia. Usitumie ya kafe. Kama umefungiwa nje kabisa, Google wenyewe wanashauri ujaribu kurudisha akaunti kwa kifaa na mahali ulipozoea. Andika anwani kwa mkono wako, usibonyeze kiungo kilichotumwa kwenye barua. John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton, Machi 2016 aliletewa barua iliyojifanya imetoka Google ikimwambia kuna mtu ana neno lake la siri, abadilishe haraka. Ile barua ya kumwokoa ndiyo iliyomwibia, na Oktoba barua zake zikaanza kumwagwa hadharani.

Pili, weka neno la siri jipya ambalo hulitumii popote pengine, halafu toa vifaa vyote usivyovitambua. Tazama pia programu ulizowahi kuziruhusu kuingia kwenye akaunti yako. Baadhi hubaki na ruhusa hata baada ya neno la siri kubadilika.

Tatu, kagua madirisha: namba ya simu na barua pepe ya kurudishia, sehemu ya kusambaza barua, vichujio. Kitu usichokiweka wewe, futa.

Nne, washa uthibitishaji wa hatua mbili. Google wameufungulia watu wote tangu 2011, na ni bure. Ukishauwasha unaweza kuchukua namba 10 za akiba. Ziandike kwenye karatasi uzifungie sandukuni, usizipige picha ukaziacha kwenye simu ile ile.

Tano, waambie watu. Kwa sauti, kwa simu. Anza na wazazi na walio mbali. Na kama kuna hela imeondoka, nenda polisi, kwa sababu kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Najua kuna atakayesema, "Mimi sina hata mia mfukoni, nani ahangaike na mimi?" Ndugu yangu, hawatafuti hela yako. Wanatafuta jina lako na watu wanaoliamini. Tena barua pepe hiyo hiyo ndiyo unayoingilia Ajira Portal, ndiyo inayopokea taarifa za chuo, ndiyo ya kurudishia neno la siri la kila akaunti uliyofungua. Anayeishika hiyo anaweza kuomba mengine yote yabadilishwe, na majibu yatakuja kwake.

La mwisho, na hili linaniuma. Mtu akidudukuliwa hapa chuoni tunamcheka. "Ulikuwa unafungua mambo gani bwana?" Matokeo yake watu wanaficha. Mshkaji wetu naye alikaa kimya siku nne akiogopa utani wa chumba kizima, na simu moja tu kwa baba mdogo Jumatatu ile ingetosha kuzuia hela. Mwizi anafaidi sana ukimya wetu. Kwa kicheko chetu tunamsaidia kazi bila malipo.

Sisi wa ualimu ndiyo kabisa. Miaka miwili ijayo mtoto wa Kidato cha Tatu atakuja ofisini na simu mkononi anatetemeka, akaunti yake imechukuliwa. Akikuta mwalimu anacheka, hatarudi tena kwa mtu mzima yeyote. Bora tuanze kujifunza sasa kumwambia mwenzetu: kaa chini, tufungue kompyuta, tukague pamoja.

Leo jioni, kabla hujaenda kula, ingia kwenye mipangilio yako uangalie hivyo vichujio. Dakika kumi tu.

Naomba kutoa hoja.