Usimwambie Mama Asipike

Desemba iliyopita nilimpigia mama simu Makambako nikamwambia maneno niliyodhani ni ya upendo: "Mama, mwaka huu hatuji. Msihangaike kupika, mko wawili tu."

"Haya, mwanangu," akajibu. Siku ya Krismasi akachemsha viazi.

Kilichofuata nilikijua Pasaka, nilipokwenda nyumbani. Saa saba mchana watoto wa jirani walibisha hodi wakiwa na sahani ya pilau iliyofunikwa kitambaa. Mama akapokea, akamimina, akaosha sahani, kisha akasimama nayo jikoni. Mtaani kwetu sahani ya sikukuu hairudi tupu. Akaweka viazi vitano, chakula cha kila siku, akafunika, akawakabidhi. Aliponisimulia alicheka. Mimi sikuweza.

Tangu hapo nina ugomvi na sentensi hiyo, na sisi tunaoisema. Tunazungumza kana kwamba sikukuu ilikuwa mgahawa na sisi ndio wateja, tukiondoka, ufungwe. Na mwaka tutakaopata likizo, tunataka tukute kila kitu kama zamani, tupige picha.

Nani alituambia sufuria ile ilikuwa yetu? Kumbuka vizuri. Kabla hatujaonja hata kijiko, tulikuwa tumeshatumwa nyumba sita, sahani mkononi, mvua ya Desemba ikituchapa, matope miguuni. Sufuria ilipimwa kwa mtaa, haikupimwa kwa watoto. Watoto tumehamia Dar es Salaam, mtaa haujahama.

Najua mtakalosema: mama amechoka, magoti yanamuuma. Ni kweli. Basi mtafutie binti wa kumsaidia kumenya vitunguu na umlipe. Usiutumie uchovu wake kumfutia sikukuu ambayo hajasema ameichoka.

Wengine watasema pilau yenyewe si mila ya Wabena: mchele unatoka Usangu, viungo vinatoka pwani, sisi ni watu wa ugali na ulanzi. Hilo nalo ni kweli. Lakini Makambako ni njia panda. Barabara ya Dar kwenda Mbeya, barabara ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, vyote vinakutana pale. Vitu vingi tunavyoviita vyetu viliteremka kwenye gari au treni. Kilicho chetu ni ile sahani inayovuka barabara.

Shangazi yangu wa Njombe mjini anaishi peke yake. Watoto wake wanne wametawanyika. Kila Krismasi anapika kilo tatu za mchele. Nilimuuliza anampikia nani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kanisani anakwenda kumpeleka nani.

Sisemi kila mzazi alazimishwe kupika. Asiyetaka apumzike, amestahili. Ninachokataa ni sisi, tulio mbali, kumwamulia kwamba nyumba bila sisi ni nyumba isiyo na watu wa kulishwa. Tunaita huko kumwonea huruma. Mimi nakuita majivuno.

Mwaka huu nimempigia tena. Nimemwambia sina uhakika wa likizo, kisha nikamuuliza bei ya mchele sokoni. Nimetuma hela ya kilo tano.

"Zote hizo za nini?" akauliza. "Tuko wawili tu."

Ni sentensi yangu ile ile. Nimemfundisha mwenyewe.