Nani Atasoma Kutu ya Ngano Kesho?

Bwana mkulima wa skimu, ukisikia habari ya kufundisha watumishi wa utafiti, usiseme hayo ni mambo ya ofisini. Ni mambo ya ngano yako.

Kituo cha Njoro kilianza kazi ya mbegu za ngano mwaka 1927. Mwaka 1998 kutu mpya ya shina ilionekana Uganda, na mwaka 2001 ikaonekana hapa Kenya. Tangu 2005 ngano za nchi nyingi huletwa Njoro zijaribiwe nayo. Mtumishi hupita mstari kwa mstari, akikadiria kwa jicho ni sehemu gani ya shina imeshikwa, na madoa yake ni makubwa au madogo. Jicho hilo haliuzwi dukani. Hupatikana kwa kutembea misimu kadhaa nyuma ya mtu ajuaye.

Tena, mbegu mpya ya ngano huchukua miaka kumi hivi kutayarishwa. Basi astaafuye leo huiacha kazi katikati. Kwa maoni yangu, kila mzee apewe vijana wawili miaka mitatu kabla hajaondoka, na mmoja wao awe fundi wa shambani, si wenye digrii peke yao. (Wenye digrii huhamahama, barua za uhamisho twaziandika sisi makarani.) Naye apelekwaye masomoni ng'ambo atie sahihi kwamba atarudi.

Ukienda kituoni siku ya wakulima, ukiisha kuuliza bei ya mbegu, uliza na hili: mzee huyu anamfundisha nani?