Salamu za Kununua

Nimechoka kutumiwa theluji. Kila ifikapo Desemba, jua la Dar es Salaam likichoma utosi na maembe yamejaa sokoni, naletewa misonobari iliyolemewa na theluji, na chini yake maneno matamu yaliyochapwa kiwandani. Siku hizi picha yenyewe huja kwa simu, ikiwa imekwisha kupita kwa watu mia kabla ya kunifikia mimi. Aliyeituma hakuichora. Maneno hakuyatunga. Mara nyingine hata jina lake hakuliandika. Nakuuliza, ndugu msomaji: katika salamu hiyo, yeye yumo wapi?

Hoja yangu ni fupi, na najua itawaudhi baadhi ya rafiki zangu. Salamu iliyochorwa na mtu mwingine na kutungwa na mtu mwingine si salamu yako. Ni bidhaa uliyoipitisha. Kadi uliyoitengeneza kwa mkono wako, hata ikiwa imekwenda upande, ina kitu ambacho duka haliuzi: saa moja ya maisha yako uliyokaa ukimfikiria mtu mmoja.

Wako wanaodhani kwamba kadi ya kiwandani ndiyo ustaarabu, na ya mkono ni ya watoto na ya wasio na fedha. Hao na warejee ilikoanza. Mwaka 1843, mjini London, bwana mmoja aitwaye Henry Cole alijikuta na barua nyingi za Krismasi za kujibu na nafasi hana. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi moja, ikachapwa kwa wingi, nyingine zikauzwa shilingi moja moja. Basi kadi ya kuchapwa haikuzaliwa na upendo kuzidi. Ilizaliwa na nafasi kukosekana. Na hata hiyo ilitiwa rangi kwa mkono baada ya kuchapwa. Wala haikuwa na theluji. Ilionyesha jamaa wamekaa mezani wakinyanyua glasi, na pembeni maskini wakilishwa na kuvikwa. Waingereza wenyewe walianza na watu. Sisi tumeng'ang'ania misonobari.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: "Mimi sijui kuchora." Vema, wala sikukuambia uchore. Chukua karatasi nene, ile ya gramu 300 kwa mita ya mraba ikipatikana, maana nyembamba hujikunja ikilowa. Ikate nusu, ukunje kila nusu, una kadi mbili. Paka mistari michache kwa mshumaa mweupe pale unapotaka weupe ubaki, kwa kuwa nta hukataa maji. Lowesha uso wa karatasi kwa brashi, kisha dondosha rangi ya maji ya buluu na uiache itembee yenyewe. Ikiwa bado mbichi, nyunyiza chembe chache za chumvi: kila chembe itavuta maji na kuacha alama kama nyota. Ikikauka, pangusa chumvi. Tayari una bahari, na hujachora hata mstari mmoja.

Sasa tafuta magome makavu ya mgomba. Yana rangi zake, tangu ya maziwa hadi ya kahawa iliyoungua. Kata umbo la tanga, kata na umbo la chombo, bandika kwa gundi. Ukitaka, ongeza kipande cha kitenge au uzi. Hapo simama. Wengi huharibu kadi kwa kuipamba kama bibi harusi wa kukodiwa, vimetameta kila pembe, hata maneno yakakosa pa kukaa.

La pili: "Huo ni uzungu." La hasha! Mgomba unaujua. Chumvi unaijua. Hata rangi ya maji yenyewe kwa kawaida hushikishwa na gundi ya mgunga, na kwa miaka mingi Sudan ndiyo iliyoitoa kwa wingi kuliko nchi zote. Ugeni uko wapi? Ugeni ni sisi tulioutengeneza. Kadi za magome ya migomba na za batiki zimejaa katika maduka ya watalii. Mgeni hununua kumi akawapelekee jamaa zake, nao huko huziweka ukutani. Sisi twapita mlangoni, twaingia duka la pili kununua waridi lililochapwa nchi za mbali. Mikono yetu tumeiona inafaa kuwasalimia wageni tu. Baina yetu wenyewe imefika mahali neno "kadi" likitajwa mtu hushika mfuko kwanza, akidhani ni ya mchango.

La tatu ndilo zito: "Simu inatosha." Simu ina kazi yake, sibishi. Msiba ukitokea usiku, mtu asikae kuchora. Lakini ujumbe wa simu hufutwa nafasi ikijaa. Bibi mmoja jirani yetu alipofariki, wanawe walifungua kasha lake. Walikuta khanga mbili mpya, stakabadhi za kiwanja, na kadi aliyochorewa na mjukuu wake zamani: kuku mwenye miguu mitatu, manyoya halisi yamebandikwa kwa uji wa unga. Mwanawe wa kwanza, mtu mzima mwenye watu chini yake kazini, aliishika kadi ile akashindwa kusema. Bibi yule alitumiwa pia kadi za dukani kwa miaka mingi. Hakuna hata moja iliyokuwamo kasha lile.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nami sikuombi uwatengenezee watu hamsini; hiyo itakurudisha kwenye kiwanda. Chagua mmoja: shangazi aliye kijijini, rafiki aliyelazwa, mwalimu aliyekufundisha kusoma. Mchoree bahari ya chumvi. Ndani usiandike maneno ya kukopa. Andika jambo ambalo ni wewe na yeye tu mnalijua, hata likiwa la mistari miwili. Kama hulipati jambo hilo, basi tatizo si brashi wala karatasi. Umekaa muda mrefu mno bila kumfikiria mtu huyo, na hakuna duka litakalokuficha.