"Hitilafu ya Umeme" Siyo Kudura ya Mungu

Mara nyingi ghala, ofisi au bweni la shule linapoteketea, taarifa huwa tayari hata kabla majivu hayajapoa: chanzo ni "hitilafu ya umeme". Maneno hayo matatu yakishatamkwa, faili hufungwa. Mkuu wa idara hupumua, mhasibu huandika hasara, na umma hutakiwa kuamini kwamba umeme ni kiumbe chenye hasira zake, kinachoamka usiku wa manane na kuteketeza mali ya wananchi bila kumwarifu mtu.

Dai hilo si kweli. Umeme hutoa taarifa, tena mapema. Skrubu inayobana waya ikilegea, au kiungio kikifanya kutu, njia ya umeme husongwa mahali pale na joto huzaliwa. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto hilo huongezeka mara nne. Joto hukilegeza kiungio zaidi, na kulegea huko huzidisha joto, mpaka plastiki igeuke kahawia na siku moja ishike moto. Jambo hili laweza kuchukua wiki nyingi, hata miezi. Muda wote huo bodi ya umeme iko pale ukutani ikilalamika, na watumishi wanapita mbele yake asubuhi na jioni.

Jicho la mwanadamu halioni joto hilo, lakini limekwisha kupatikana jicho linaloliona. Mwaka 1800, nchini Uingereza, mtaalamu wa nyota William Herschel alipitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu, akakuta kwamba kipimajoto kilichowekwa nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana mwanga wowote, kilipanda kuliko vingine. Miali hiyo isiyoonekana ndiyo inayopigwa picha na kamera za joto. Mwaka 1965 kampuni ya AGA ya Sweden ilikuwa tayari inauza mtambo wa aina hiyo wa kukagulia njia za umeme mkubwa. Mitambo ya kwanza ilikuwa mizito na ilihitaji kupozwa kwa naitrojeni ya maji. Leo fundi huishika kamera kwa mkono mmoja. Huitazamisha bodi bila kugusa waya na bila kuzima umeme ofisini. Akiona viungio viwili vya mkondo ulio sawa vina joto la nyuzi 40, na cha tatu kina nyuzi 70, hana haja ya mganga wa kumpigia ramli. Mafundi wa Marekani hufuata kipimo kinachosema kwamba tofauti ya zaidi ya nyuzi 15 kati ya viungio vinavyolingana ni kasoro ya kurekebishwa mara moja. Na mwaka 2023 chama cha kuzuia moto cha nchi hiyo, NFPA, kiliugeuza mwongozo wake namba 70B kutoka ushauri kuwa kanuni, inayotaka vifaa vya umeme vikaguliwe kwa kamera hizo angalau mara moja kila miezi 12.

Watasimama mabwana wakubwa waseme kwamba hayo ni ya matajiri, fungu halitoshi. Hivi kweli? Kamera nzuri ya mkononi haifikii bei ya gari moja kati ya yale yanayowasubiri nje ya semina, na kamera moja yaweza kuzunguka ofisi na shule za wilaya nzima. Taifa la Brazil lilijifunza hesabu hii kwa uchungu. Tarehe 2 Septemba 2018 Makumbusho yake ya Taifa, mjini Rio de Janeiro, yaliungua miezi michache tu baada ya kutimiza miaka 200. Yalikuwa na vitu karibu milioni 20, na sehemu kubwa ikapotea, zikiwemo kanda za sauti za lugha ambazo hazina tena msemaji. Wachunguzi wa polisi walieleza mwaka 2019 kwamba moto ulianzia kwenye kiyoyozi cha ukumbi wa mikutano, na kwamba viyoyozi vile havikufungwa kama mtengenezaji alivyoelekeza. Kwa haki, kamera peke yake isingetambua waya wa ardhini uliokosekana. Lakini mkaguzi aliyetumwa na kamera hulazimika kufungua vifuniko, na akivifungua huyaona na hayo mengine.

Hapo ndipo penye hatari ya pili, nayo ni ya wale wanaopenda vyombo kuliko kazi. Kamera itanunuliwa kwa mbwembwe, itapigwa picha ikikabidhiwa, kisha itafungiwa kabatini na ufunguo abaki nao mtu aliye likizo. Au ataitwa mkandarasi, aje Jumapili wakati mashine zote zimezimwa, apige picha za rangi rangi na kuondoka na hundi. Ukaguzi wa namna hiyo ni udanganyifu. Bila mzigo wa umeme hakuna joto la kuona. Kamera haipenyi mlango wa chuma, wala kioo cha kawaida. Hata shaba inayong'aa huidanganya, kwa kuwa huakisi joto la vitu vingine kama kioo cha kujitazamia; fundi anayejua kazi hubandika kipande cha tepu ya umeme kabla ya wakati, umeme ukiwa umezimwa, ndipo arudi kupima. Maarifa haya hayamo katika boksi la kamera. Hayana budi kufundishwa kwa mafundi wetu wenyewe, katika vyuo vyetu vya ufundi.

Wala jambo hili haliwezi kungoja. Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115, na hiyo ni fahari ya haki. Lakini umeme huo unaingia katika majengo ambayo mengi nyaya zake zilitandazwa kwa ajili ya taa na feni, na leo zinabebeshwa viyoyozi, kompyuta na birika la chai la kila chumba. Katika shule, soketi moja ya bweni huzaa nyingine nne kwa waya wa kuungaunga, na mwalimu wa zamu hana chombo ila pua yake.

Basi taarifa ijayo ya "hitilafu ya umeme" isipokelewe kabla haijajibu: ni kiungio gani, katika bodi ipi, kilikaguliwa lini, na nani, na picha yake iko katika faili gani.