Maji ya Kunywa Mahali pa Uhamisho



Mtu akipewa barua ya uhamisho huuliza mambo matatu: nyumba iko, shule iko, na mshahara utamkuta huko au utachelewa nyuma. Habari za maji haziulizi. Hufikiri maji ni maji. Nami nasema kwamba kwetu sisi watu wa reli, ambao leo tuko Kisumu na kesho tuko Nakuru au Voi, maji ya kunywa yamekuwa kama kodi ya pili ya nyumba, na chama hakina budi kulitia jambo hili katika mazungumzo yake na mwajiri.

Nachukua Nakuru kwa kuwa ndiko niliko. Mgeni akifika huambiwa, "Chemsha tu." Hata mwalimu wetu wa misheni alitufundisha hivyo, na alisema kweli: maji yaliyochemka sawasawa hayana tena vijidudu vya kipindupindu wala vya homa ya matumbo. Lakini taabu ya Bonde la Ufa si vijidudu peke yake. Visima virefu vingi vya huku vina floridi, ambayo hutoka katika mawe ya volkano na kuyeyuka majini. Huioni wala huinusi. Kuchemsha hakuiondoi kabisa. Maji hupungua kwa mvuke, floridi hubaki sufuriani, na yale yaliyosalia huwa makali kuliko ya kwanza. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita, na viko visima vya Bonde la Ufa vinavyoupita mara kadha.

Anayeumia kwanza ni mtoto wa chini ya miaka 8 hivi, kwa sababu meno yake ya ukubwani yanafanyika bado ndani ya ufizi. Yakitoka yana madoa ya kahawia, na hakuna mswaki wa kuyafuta. Maji hayo yakinywewa miaka mingi, floridi huingia hata mifupani. Basi fundi anayehamishwa pamoja na watoto wadogo anawaleta katika hatari ambayo barua yake haikuitaja.

Kwa hiyo tunanunua maji yaliyosafishwa kwa mashine, yale ya kujaziwa mtungi ambayo watu huyaita rifili. Nilipofika niliuziwa lita 20 kwa shilingi 200 katika duka la barabara kuu. Majuma matatu yakapita ndipo fundi mmoja wa breki akanionyesha duka la nyuma ya soko, ambako mtungi ule ule hujazwa kwa shilingi 100. Nyumbani kwangu tuko watano, na kwa kunywa na kupika tunamaliza mtungi kwa siku mbili. Hiyo ni mitungi 15 kwa mwezi. Fanyeni hesabu wenyewe: shilingi 3,000 au shilingi 1,500. Yule fundi wa breki alikuwa akilijua duka hilo siku zote, ila hapakuwa na mahali pa kumwambia mgeni. Killa mtu hutafuta peke yake kana kwamba yeye ndiye wa kwanza kuhamishwa tangu reli ijengwe.

Lakini msikimbilie bei tu. Ziko mashine zinazochuja takataka na kuua vijidudu kwa taa, na hizo haziigusi floridi wala chumvi. Inayofaa huku ni ile inayosukuma maji kwa nguvu kupita katika utando mwembamba sana. Mwulize mwenye duka anayo ipi. Wengi wao wana kipimo kidogo mfano wa kalamu, kinachoonyesha wingi wa chumvi zilizomo majini: apime maji ya bomba mbele yako, kisha apime yake. Namba zikikaribiana, utando umechoka, nenda zako. Kwa chupa zilizofungwa, tazama alama ya KEBS na namba yake. Na mtungi uoshwe; maji mema katika mtungi wenye ukungu wa kijani ni fedha iliyomwagwa. Hapa Nakuru Dayosisi Katoliki ilipata kutengeneza vichujio vya makaa ya mifupa ya ng'ombe, ambayo hunasa floridi. Mwenye kichujio cha namna hiyo akumbuke kwamba makaa huchoka, sharti yabadilishwe.

Wako watakaosema haya ni mambo ya jikoni, chama ni cha mishahara. Nawauliza, hizo shilingi 3,000 zinatoka wapi? Tena Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 32, yamwagiza mwajiri kuwapa wafanya kazi maji safi na salama ya kutosha mahali pa kazi, na kama amewapa nyumba, maji yawe karibu na nyumba hizo. Wanaokaa katika landi wana haki hiyo tayari. Wanaopanga kwa posho ya nyumba, sheria hiyo haiwafikii mlangoni, na ndiyo sababu nataka posho ya maji iandikwe katika mapatano yetu kwa ye yote anayepelekwa mahali penye floridi au chumvi.

Si jambo geni. Reli ilipoingia nyika ya Taru katika miaka ya 1890, maji ya wajenzi yalipelekwa kwa gari moshi, kwa kuwa bila maji kazi ingesimama. Na injini za mvuke zilijengewa matangi ya maji njiani, wala hakuna aliyeiambia injini ijitafutie.

Naomba killa tawi liweke ubaoni orodha ya maduka ya maji, bei zao na namna ya mashine zao, ibadilishwe killa mwezi. Hiyo haingoji mwajiri. Kwa upande wa landi, naomba katibu aandike barua kudai maji ya bomba yapimwe floridi na matokeo yatangazwe. Hoja hizi nitazileta mbele ya mkutano wa tawi. Wenye jumbe za M-Pesa za malipo ya maji ya miezi mitatu iliyopita wasizifute. Wampe katibu jumla yake, na hesabu ya watoto wao walio chini ya miaka 8.