Tusibomoe Ukuta kwa Sababu ya Ufa

Ningependa kutoa maoni yangu kuhusu jambo linalowakera wengi katika chumba chetu cha kompyuta. Tunapojaribu kuunda programu kutoka kwa msimbo wake kwenye mashine zetu za Linux, mara mistari ya makosa hujaa kwenye skrini. Papo hapo utasikia mtu akipaaza sauti, "Hii mashine imekufa! Futa kila kitu, tuweke Linux upya!" Wengine wamefikia hata kudai Linux yenyewe iondolewe. Mimi nasema la, hasha! Mashine haijafa. Imesema inachotaka, na mwenye macho haambiwi tazama.

Hebu tuchukue mfano wa zlib. Hii ni maktaba ya kubana data iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1995 na Jean-loup Gailly na Mark Adler. Imo karibu katika kila mashine ya Linux. Hata hivyo, ukiunda programu inayoitegemea, kompaila inaweza kulalamika kwamba faili la zlib.h halipo. Hapo ndipo watu huchanganyikiwa. "Ati halipo? Si programu zingine zinatumia zlib kila siku?" Ni kweli, zinaitumia. Kilichokosekana ni sehemu yake ya pili.

Fikiria hoteli iliyo karibu na stendi. Jikoni mna chapati na maharagwe tele, lakini orodha ya vyakula haijabandikwa ukutani. Mteja wa kila siku anakula bila shida kwa sababu anajua kinachopikwa. Mgeni anakaa tu kwa sababu hajui aagize nini. Jikoni ndiyo maktaba yenyewe, na orodha ni yale mafaili yanayoishia kwa .h. Programu zilizokwisha kuundwa ni wateja wa kila siku, nayo kompaila ni yule mgeni. Katika Debian na Ubuntu jikoni huitwa zlib1g, na orodha huja katika kifurushi cha pekee kiitwacho zlib1g-dev. Vimetenganishwa kwa sababu watu wengi hutumia programu tu, hawaziundi. Ya nini basi kuwajazia diski bure?

Sasa tupige hesabu. Kupakua kifurushi cha zlib1g-dev hakufiki hata megabaiti 1. Faili la kuweka Ubuntu ya mezani upya linapita gigabaiti 5! Sisi ni wanafunzi wa kutwa; jioni kengele ikilia lazima tuondoke, na bando za intaneti hazianguki kutoka mbinguni. Cha kuchekesha ni kwamba hata ukimaliza kuweka upya, zlib.h bado halipo, kwa maana Ubuntu haiji nalo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku hizi watu wanabomoa ukuta mzima wakiuacha ufa palepale.

Njia iliyo bora si ngumu. Kwanza, soma kosa la kwanza, si la mwisho. Mstari wa mwisho kwa kawaida husema tu kwamba kazi imeshindikana. Pili, tafuta kifurushi chenye faili hilo. Chombo cha apt-file kikishawekwa na orodha zake zikasasishwa, andika apt-file search zlib.h, nacho kitakutajia mwenyewe. Tatu, weka kifurushi hicho kwa sudo apt install zlib1g-dev, kisha uanze kuunda tena.

Najua kuna watakaosema, "Kwa nini tujisumbue? Tunakili amri ya mtu mwingine, basi." Jamani, jina la kifurushi si moja kila mahali. Katika Fedora siku hizi huitwa zlib-ng-compat-devel, na katika Arch orodha imo ndani ya kifurushi cha zlib chenyewe. Amri iliyofaa kwa jirani inaweza kukataa kwako, nawe ukarudi palepale. Isitoshe, kuna makosa yasiyopiga kelele. Ukiunda Python bila libssl-dev, ujenzi unaweza kukamilika vizuri, lakini baadaye pip ishindwe kupakua chochote kwa njia salama. Mnakili amri hatajua aanzie wapi. Aliyesoma ujumbe wa ujenzi ataona moduli ya _ssl imetajwa kuwa haikupatikana.

Kwa hivyo napendekeza mambo mawili. Chumba cha kompyuta kiwe na daftari moja ambamo tutaandika faili lililokosekana na kifurushi kilicholileta, tena kwa Kiswahili chepesi ambacho hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza ataelewa. Pia, kabla ya kumwomba mwalimu nywila ya sudo, kila mtu amsomee kosa la kwanza na aseme anataka kuweka kifurushi gani. Asiyeweza kusema, asiguse.

Wanafunzi wa kidato cha kwanza wanatutazama. Tukizoea kusema mashine imekufa, wataamini kompyuta ni uchawi wa watu fulani, nao watakaa mbali nazo. Tukisoma na kueleza, watajua kwamba kosa ni barua, na barua hujibiwa. Basi tuwafunze kuisoma.